Split ya Kroatia: mji mdogo uliozaa mabingwa na waimbaji, na bei ulioilipa

Wapenzi wa kabumbu wa Kongo wenye umri mkubwa wanaikumbuka tarehe 18 Juni 1974, hata kama hawapendi kuizungumzia. Siku hiyo, kule Gelsenkirchen, Ujerumani, Leopards ya Zaire ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Bao la tatu, dakika ya 18, lilifungwa na kijana wa miaka 21 aitwaye Ivica Šurjak. Dakika chache baadaye kocha Blagoje Vidinić, naye akiwa mtu wa Yugoslavia, alimtoa kipa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Mabao hayakukoma.

Šurjak alikuwa mzaliwa wa Split, mji wa bandari kando ya bahari ya Adriatiki, katika jimbo la Dalmatia. Leo mji huo uko ndani ya Kroatia, nao ni wa pili kwa ukubwa baada ya mji mkuu Zagreb. Kwa hesabu ya mwaka wa 2021 una wakaaji 160 000 hivi. Kwa kulinganisha na Goma au Bukavu, ni mji mdogo sana. Lakini orodha ya watoto wake waliojulikana duniani kwa michezo na kwa muziki ni ndefu kuliko ile ya miji mingi mikubwa ya Ulaya. Wenyeji wenyewe wanajigamba kwamba hakuna mji mwingine duniani wenye michezo kama wao.

Namna gani mji wa ukubwa huo ulifika pale? Na leo, viwanda vyake vikiwa vimefungwa na nyumba nyingi zimegeuzwa za kupokea watalii, bado unaweza kuwazaa wengine?

Kilabu kilichozaliwa katika baa

Katikati ya Split ni jumba la Diocletian, mfalme wa Roma aliyelijenga miaka 1 700 hivi iliyopita ili azeekee humo. Watu hawakuliacha jumba hilo liwe magofu. Waliingia, wakajenga vyumba ndani ya kuta zake, na hadi sasa kuna familia zinazoishi humo. Unesco iliuandika mji huo wa kale katika urithi wa dunia mwaka wa 1979. Mbele ya jumba kuna njia pana ya kutembelea kando ya bahari, inayoitwa Riva. Pale ndipo mji unapokutana kwa furaha na kwa maombolezo.

Kilabu cha mpira cha Hajduk kilianzishwa mwaka wa 1911 na wanafunzi wa Split waliokuwa wakisoma Prague. Walikubaliana wakiwa wameketi katika baa moja ya mji ule, kisha wakarudi nyumbani na wazo lao. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Italia ilipouteka mji, Hajduk ilikataa kucheza katika shampiona ya Italia. Mwaka wa 1944 wachezaji wake walijikusanya upya katika kisiwa cha Vis na kuwa ekipi ya wapiganaji waliopinga utawala wa wavamizi. Ndiyo maana kwa watu wa Split, Hajduk haikuwa mchezo tu.

Mashabiki wake wanaitwa Torcida. Walijiunga tarehe 28 Oktoba 1950, baada ya kusikia habari za mashabiki wa Brazil kwenye Kombe la Dunia la mwaka huo, na jina lenyewe walilichukua kwa Wabrazil. Ni kati ya vikundi vya mashabiki vya zamani zaidi katika Ulaya nzima.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa ya utamu. Hajduk ilichukua ubingwa wa Yugoslavia mwaka wa 1971, 1974, 1975 na 1979. Šurjak alikuwa mmoja wa nguzo zake, kabla ya kwenda Paris Saint-Germain na kushinda nayo Kombe la Ufaransa mwaka wa 1982. Kwa maneno mengine, kijana aliyeumiza Zaire hakutoka katika mji wa bahati. Alitoka katika karakana iliyokuwa ikifanya kazi kila siku.

Kiwanda cha plastiki na vikombe vitatu vya Ulaya

Kwa basketi, hadithi inashangaza zaidi. Ekipi ya Split ilikuwa ikibeba jina la Jugoplastika, kiwanda cha mji kilichotengeneza vitu vya plastiki na kuajiri maelfu ya watu. Mwaka wa 1989, kule Munich, vijana wa kocha Božidar Maljković waliwafunga Maccabi Tel Aviv pointi 75 kwa 69 na kuwa mabingwa wa Ulaya. Wengi walisema ni ajali. Mwaka uliofuata, kule Zaragoza, waliwashinda Barcelona. Mwaka wa 1991, kule Paris, wakiwa na kocha mwingine, Željko Pavličević, na jina jipya la mfadhili, waliwashinda Barcelona tena, 70 kwa 65. Hadi leo hakuna ekipi nyingine iliyochukua kombe hilo mara tatu mfululizo tangu ulipoanza utaratibu wa kukutanisha ekipi nne za mwisho mahali pamoja.

Wawili kati ya vijana hao walizaliwa Split kwenyewe. Dino Rađa alizaliwa mwaka wa 1967. Toni Kukoč alizaliwa mwaka wa 1968, na utotoni alianza kwa kucheza tenisi ya meza. Rađa alienda Italia, kisha Boston Celtics. Kukoč alienda Chicago Bulls mwaka wa 1993, akacheza na Michael Jordan, na kuchukua ubingwa wa NBA mara tatu: 1996, 1997 na 1998. Mwaka wa 1996 alipewa zawadi ya mchezaji bora anayeingia kutoka benchi. Wote wawili wameingizwa katika jumba la heshima la basketi la Marekani, Rađa mwaka wa 2018 na Kukoč mwaka wa 2021.

Hapa pia njia za Split na za Kongo zilikutana. Mwezi wa Februari 2001, ekipi ya Philadelphia ilimtaka Dikembe Mutombo, aliyekuwa akichezea Atlanta. Ili kumpata, iliwatoa wachezaji wanne, na mmoja wao alikuwa Kukoč. Mutombo alifika fainali ya NBA miezi michache baadaye, na msimu huo alitajwa tena kuwa mlinzi bora wa shampiona. Wakongomani wanamkumbuka zaidi kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka wa 2007. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Wachache wanajua kwamba bei ya kumpata ilihusisha kijana wa Split.

Vita vilipofika

Mafanikio hayo yalikuja wakati mbaya. Tarehe 4 Mei 1980, Hajduk ilikuwa ikicheza na Red Star ya Belgrade katika kiwanja cha Poljud, kilichofunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Mchezo ulisimamishwa ili kutangaza kwamba rais Tito amefariki. Wachezaji walilia kiwanjani na watu wakaimba kwa ajili yake. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Septemba 1990, katika kiwanja kile kile, mashabiki walivamia mchezo kati ya Hajduk na Partizan ya Belgrade na kuichoma bendera ya Yugoslavia. Watu wa mahali pamoja, na kiti kile kile, lakini inchi ilikuwa imekwisha mioyoni kabla haijavunjika kwenye ramani.

Mwezi wa Mei 1991, Hajduk ilienda Belgrade na kushinda kombe la Yugoslavia kwa bao 1 kwa 0 mbele ya Red Star. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo, meli za jeshi la majini la Yugoslavia zilipiga mabomu juu ya Split. Mji ulijaa wakimbizi waliotoka sehemu za ndani. Wasomaji wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kuelezwa maana yake.

Ekipi iliyokuwa bingwa wa Ulaya ilitawanyika. Rađa alikuwa ameshaondoka, Kukoč naye akaenda Treviso, Italia. Mwaka wa 1992 walikutana tena Barcelona, kwenye Michezo ya Olimpiki, safari hii wakivaa rangi za Kroatia, inchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja. Walifika fainali na kufungwa na Marekani ya Jordan na Magic Johnson pointi 117 kwa 85. Medali ya fedha waliyorudi nayo ilikuwa kwa raia wao kama hati ya kuzaliwa.

Goran, aliyengoja mpaka wa mwisho

Katika mtaa wa Firule, karibu na bahari, kuna viwanja vya tenisi vyenye udongo mwekundu. Nikola Pilić alitoka Split, naye alifika fainali ya Ufaransa mwaka wa 1973. Mwaka huo huo alipewa adhabu na shirikisho la inchi yake, na wachezaji karibu 80 wakagoma kucheza Wimbledon kwa kumuunga mkono. Mgomo ule ulibadilisha uwezo wa wachezaji wa tenisi mbele ya wakubwa wao.

Kutoka mji huo huo alikuja Goran Ivanišević, aliyezaliwa mwaka wa 1971. Alicheza kwa mkono wa kushoto, na huduma yake ilikuwa kama risasi. Mara tatu alifika fainali ya Wimbledon, 1992, 1994 na 1998, na mara tatu akashindwa. Ilipofika 2001, bega lilikuwa limeharibika na alikuwa nambari 125 duniani. Hakuwa hata na haki ya kuingia mashindano; waandaaji walimpa nafasi kwa huruma, kwa ajili ya historia yake. Alishinda mchezo mmoja, mwingine, mwingine. Nusu fainali na Tim Henman ilichukua siku tatu kwa sababu ya mvua. Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Julai, alimshinda Patrick Rafter katika seti ya tano, 9 kwa 7. Hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kushinda Wimbledon kwa nafasi ya kupewa.

Aliporudi nyumbani, Riva ilijaa umati uliokadiriwa kupita watu 100 000. Baadaye akawa kocha, na kati ya aliowafundisha ni Novak Djokovic, Mserbia. Miaka kumi baada ya mabomu, hilo lisingewezekana kuwazwa.

Binti aliyepewa jina la mji wa Afrika

Mwaka wa 1983, Joško Vlašić alikuwa Casablanca, Maroko, kwenye Michezo ya Mediterania. Huko alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya michezo kumi ya riadha. Mwezi wa Novemba mke wake alijifungua binti huko Split, wakamwita Blanka, kwa kumbukumbu ya Casablanca.

Blanka Vlašić aliruka juu kuliko karibu wanawake wote wa wakati wake. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2007 Osaka na mwaka wa 2009 Berlin. Alifika Beijing mwaka wa 2008 akiwa ameshinda mashindano 34 mfululizo, na pale, usiku mmoja, akapitwa na Tia Hellebaut wa Ubelgiji: wote waliruka mita 2,05, lakini Blanka alikuwa na makosa mengi zaidi. Mwaka uliofuata aliruka mita 2,08 kule Zagreb, sentimita moja tu chini ya rekodi ya dunia ya wakati ule. Kisha majeraha ya mguu yakamfuata kwa miaka. Mwaka wa 2016, wengi walipokuwa wamemsahau, alipata shaba huko Rio.

Kabla yake, Đurđica Bjedov wa Split alikuwa ameshinda dhahabu ya kuogelea Mexico mwaka wa 1968, dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Yugoslavia iliwahi kuipata katika kuogelea. Na bondia Mate Parlov, aliyezaliwa Split mwaka wa 1948 na kukulia ngumi katika mji wa Pula, alishinda dhahabu Munich mwaka wa 1972, kisha mwaka wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa WBC.

Mji unaoimba

Muziki wa Split haukuanza na redio. Franz von Suppé, ambaye kazi zake bado zinapigwa na okestra za dunia nzima, alizaliwa huko mwaka wa 1819, wakati Dalmatia ilipokuwa chini ya Austria. Mwaka wa 1895 walizaliwa wengine wawili: Jakov Gotovac, mtunzi wa opera ya Kroatia inayochezwa kuliko zote, na Ivo Tijardović, aliyeandika michezo ya kuimba juu ya maisha ya watu wa mji wake mwenyewe.

Chini ya majina hayo makubwa kuna desturi ya watu wa kawaida. Inaitwa klapa: kundi dogo la watu wanaoimba kwa sauti mbalimbali, bila vyombo au na vyombo vichache, juu ya mapenzi, bahari na nyumbani. Unesco iliitambua mwaka wa 2012. Sikiliza nyimbo za kisasa za Dalmatia, utaisikia klapa ndani yake, kama vile ambavyo kwaya ya kanisa inasikika ndani ya sauti za waimbaji wetu wengi.

Mwaka wa 1960 mji ulianzisha tamasha la nyimbo, ambalo baadaye liliitwa Tamasha la Split. Pale mtunzi Zdenko Runjić, mwana wa mji, alikutana na sauti iliyomfaa: Oliver Dragojević. Oliver alizaliwa Split mwaka wa 1947 na kukulia Vela Luka, katika kisiwa cha Korčula. Alikuwa na sauti iliyokwaruza kidogo, na aliimba kwa lugha ya watu wa pwani, siyo ile ya vitabu. Aliimba Carnegie Hall huko New York na Olympia huko Paris. Alipofariki tarehe 31 Julai 2018, maelfu walijaa Riva kumuaga, na mwili wake ukapelekwa kisiwani kwa njia ya bahari huku mashua zikiusindikiza.

Waliomfuata ni wa aina nyingi. Gibonni, aliyezaliwa mwaka wa 1968, alianzia katika bendi ya muziki mzito na kuishia kuwa mmoja wa watunzi wanaopendwa zaidi. Dino Dvornik alileta mdundo wa funk katika inchi isiyoujua. Alifariki mwaka wa 2008 akiwa na miaka 44. Severina, aliyezaliwa mwaka wa 1972, aliiwakilisha Kroatia katika Eurovision mwaka wa 2006. Kundi la TBF lilichukua rap na kuieleza Split ya miaka ya 1990: vijana bila kazi, madawa ya kulevya, mji uliochoka baada ya vita.

Na kuna mmoja aliyesimama pande zote mbili. Slaven Bilić, mzaliwa wa Split, alikuwa beki wa Kroatia iliyochukua nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1998. Alisomea sheria, anapiga gita la rock, na akiwa kocha wa taifa bendi yake ilitoa wimbo kwa ajili ya Euro 2008.

Nini kimebaki

Ukiwatazama watu hawa wote, jibu la swali letu linajitokeza. Hakuna uchawi. Kilikuwepo kilabu karibu na kila mtaa, kocha aliyekaa na mtoto yule yule kwa miaka, kiwanda kilichokubali kulipia viatu, na tamasha lililompa mwimbaji wa hapa jukwaa kabla hajatafuta la ugenini. Zaidi ya hayo, mtoto aliwaona mabingwa wakitembea Riva. Alijua kwamba bingwa ni jirani.

Sehemu ya msingi huo imebomoka. Jugoplastika ilikufa, na pale palipokuwa kiwanda leo pana jengo la maduka. Ekipi ya basketi haijarudi tena kileleni mwa Ulaya. Hajduk haijachukua ubingwa wa Kroatia tangu mwaka wa 2005. Ndani ya jumba la Diocletian, familia zinapungua na vyumba vya watalii vinaongezeka.

Vipaji bado vinatokea, lakini vinaondoka mapema. Ivan Perišić, aliyezaliwa Split mwaka wa 1989, aliondoka Hajduk akiwa kijana na kwenda Sochaux, Ufaransa, wakati biashara ya kuku ya baba yake ilipoanguka. Mwaka wa 2018 aliifungia Kroatia bao katika fainali ya Kombe la Dunia, dhidi ya Ufaransa ambayo katika kikosi chake alikuwemo Steve Mandanda, mzaliwa wa Kinshasa. Luka Vušković, aliyezaliwa mwaka wa 2007, aliuzwa kwa Tottenham ya Uingereza akiwa bado na miaka 16.

Lakini wakaaji hawajakubali kuzikwa. Walipoona kilabu chao kinakaribia kufilisika, waliungana na kununua hisa, na leo wanachama wenyewe wanachagua wanaosimamia Hajduk. Idadi ya wanachama ilipita 100 000 katika miaka ya hivi karibuni, katika mji wa watu 160 000. Mwaka wa 2023 vijana wa kilabu walifika fainali ya kombe la Ulaya la vijana, baada ya kuwapita wa Manchester City na wa Milan. Walifungwa na AZ ya Uholanzi mabao 5 kwa 0, lakini walirudi nyumbani wakapokelewa kama washindi.

Leopards wa 1974 hawakupokelewa hivyo. Walirudi Kinshasa kimya, na wengi wao walizeeka katika umaskini, wamesahauliwa na waliowapigia makofi. Kwenye upande wa magharibi wa bandari ya Split, majina ya wenyeji walioleta medali za Olimpiki yamewekwa chini, njiani, ili kila mtoto anayepita ayasome. Tofauti kati ya miji hiyo miwili haikuwa vipaji. Ilikuwa namna ya kuwatunza wenye vipaji, wakishinda na hata wakifungwa.